Mjusi wa Tendaguru, Gabbar Singh na Kelele za Dijei: Maswali Yenu ya Muvi

Toleo lililopita niliwaomba mniambie mmeangalia nini siku hizi, ya zamani au mpya, halafu mseme ukweli mmeionaje, sio kurudia maneno ya trela. Meseji zimekuja kutoka Masasi, Kilwa, Newala, Mikindani, Lindi mjini, yaani hadi raha. Siwezi kuzijibu zote lakini hizi hapa zimenikamata.

Shikamoo dada. Mimi na mzee wangu hatuelewani kwa sababu ya muvi ya Kihindi, Sholay. Mzee anasema ameiona tangu ujana wake na mwisho wake polisi wanatokea wanamchukua jambazi Gabbar. Mimi nimeiangalia juzi kwenye simu, Thakur anamuua Gabbar kwa miguu yake mwenyewe. Mzee anasema muvi yangu feki. Nani mkweli? – Kijana wa Masasi

Marahaba mdogo wangu. Mpe mzee salamu zangu na umwambie nyote wawili mko sahihi, muvi ile ina miisho miwili na yote imepigwa na dairekta yuleyule, Ramesh Sippy.

Ilivyokuwa ni hivi. Sholay imetoka tarehe 15 Agosti 1975, na India wakati huo ilikuwa imetangaziwa hali ya hatari tangu Juni, serikali imekaza kila mahali. Bodi yao ya ukaguzi ikaona haiwezekani mtu kama Thakur, aliyekuwa afisa wa polisi, ajichukulie sheria mkononi, Sippy akalazimika kupiga mwisho mwingine ambao polisi wanafika dakika ya mwisho na Thakur anawakabidhi Gabbar. Huo ndo mwisho aliouona mzee wako na ndo walioujua watu wengi duniani kwa miaka mingi. Ule wa kwanza ulikuwa unavuja vuja tu kwenye kanda, halafu mwaka 2025 muvi nzima ikasafishwa upya ikaonyeshwa Bologna, Italia, ikiwa na mwisho wake wa asili. Kwa hiyo ulichokiona wewe sio feki.

Mimi nasimama na mwisho wako na nitakwambia kwanini. Yule mtu kakatwa mikono yote miwili na Gabbar, muvi nzima zaidi ya saa tatu tunamuona kajifunika shali, tunangoja tuone miguu yake itafanya nini, na kweli anakuja na viatu vya misumari. Sasa unamngojesha mtazamaji saa tatu halafu polisi wanatokea wanasema basi mzee inatosha! Hapana. Mwisho wa polisi unamnyang'anya Sanjeev Kumar, aliyeigiza Thakur, kazi yake yote.

Ila kuna kitu nataka mkae mkiangalie pamoja wewe na mzee, na msiangalie kwenye simu, tafuteni spika hata ndogo. Ile sehemu Gabbar anaenda nyumbani kwa Thakur, familia ipo nje, bembea ipo uani. Risasi moja, mtu mmoja, picha inaganda. Nyingine, inaganda tena. Hakuna muziki wa kukwambia ulie, kuna upepo na lile bembea linalia kwii, kwii, halina mtu. Anabaki mtoto mdogo kasimama mbele ya farasi, Gabbar ananyanyua bunduki, na hapohapo picha inakatwa tunasikia treni. Hatuoneshwi. Kuna muvi mpya kibao zinamwaga ndoo za damu na hazijafika hata nusu ya uchungu wa lile bembea, na kwenye simu iliyowekwa chini ya mto hulisikii kabisa.

Dada habari za kazi. Tumeangalia ile Jurassic mpya ya 2025 kwa jamaa yetu mwenye projekta, watu wakaanza kubishana, wengine wanasema yule mwenye shingo ndefu ndo yule dinosaria wetu, mjusi wa Tendaguru hapa Lindi, waliyemchukua Wajerumani. Ni kweli yumo? Na ipi kali, hii au ile ya kwanza? – Wabishi wa Lindi mjini

Wabishi wenzangu, swali lenu nimelipenda mpaka nimelisoma kwa sauti.

Kwenye hii ya 2025, Jurassic World Rebirth, wale wenye shingo ndefu na mikia mirefu ajabu kule kwenye majani wameitwa Titanosaurus, hao sio wa kwetu. Wa kwetu mtafuteni kwenye ile ya kwanza ya 1993 ya dairekta Spielberg, Jurassic Park, yule wa kwanza kabisa kuonekana, anayekula majani ya juu halafu anasimama kwa miguu ya nyuma. Kwenye muvi anaitwa Brachiosaurus na jina hilo asili yake Marekani, kuna Mmarekani anaitwa Elmer Riggs alichimba mifupa Colorado mwaka 1900, akampa jina 1903. Lakini mifupa ile haikuwa na kichwa! Kichwa kimetoka kwetu. Wajerumani wamechimba Tendaguru kuanzia 1909 mpaka 1913, wakapata wanyama wengi na mafuvu pia, mtaalamu wao Werner Janensch mwaka 1914 akamuingiza huyu wa kwetu kwenye jina lilelile la Brachiosaurus. Basi miaka yote hiyo mtu akitaka kuchora Brachiosaurus mzima anamchungulia huyu wa kwetu, mifupa yake imesimamishwa makumbusho ya Berlin. Mwaka 2009 mtafiti Michael Taylor akaonyesha kwamba hawa wawili wanatofautiana sana, wa kwetu akabaki na jina lake, Giraffatitan. Kwa hiyo mkibishana tena semeni hivi: jina la kwenye muvi ni la Colorado, ila ile sura, kile kichwa chenye paji lililopanda juu, ni cha Lindi. Hapo hakuna wa kuwashinda.

Na wale waliokuwa wanasema yule mkali mwenye meno, T. rex, naye katoka Tendaguru, hapana jamani. Wa Tendaguru wameishi kama miaka milioni 150 iliyopita na T. rex amekuja mwishoni kabisa, kama milioni 66 hadi 68, tena kule Marekani. Hawajawahi kuonana.

Kitu kinachoniuma kwenye muvi hizi ni pale mwanzo zinapoonyesha uchimbaji, kila siku ni jangwa la Marekani, mzungu kavaa kofia, kashika brashi. Tendaguru haikuwa hivyo. Vita ya Majimaji imeisha 1907, njaa imepiga hii kusini yetu vibaya, halafu miaka miwili baadaye wanaanza kuchimba na wachimbaji ni watu wa hukuhuku, mamia. Mifupa imefungwa, imebebwa kichwani na mabegani kwa siku kadhaa porini mpaka bandari ya Lindi, mizigo maelfu, zaidi ya tani 200 zikapanda meli. Msimamizi mkubwa wa kazi ile alikuwa Boheti bin Amrani, fundi hasa wa kutoa mifupa bila kuivunja, na mwaka 2007 kuna dinosaria mmoja wa Tendaguru amepewa jina la kumkumbuka, Australodocus bohetii. Hebu fikirieni muvi inaanza na mstari wa wapagazi wanashuka kuelekea baharini, kila mtu na kipande cha mnyama ambaye hakuna aliyewahi kumuona akiwa mzima. Waongozaji wa Bongo mpo? Hadithi ipo, tena iko umbali wa kilometa sitini na kitu tu kutoka Lindi mjini, na yule mnyama mwenyewe kasimama Berlin tangu 1937, urefu wake kwenda juu mita 13 na ushee, watoto wa Kijerumani wanampiga picha na watoto wa Mipingo, kijiji cha hukohuko Tendaguru, hawajamuona. Naitaka muvi hiyo sana, kwa kweli naitaka.

Sasa ipi kali. Ya 1993, na sisemi hivyo kwa mapenzi ya vya kale, maana mwandishi ni huyohuyo mmoja, David Koepp ndo ameshiriki kuandika ile ya kwanza na ndo kaandika hii ya 2025. Angalieni tena ile sehemu wanapomuona mnyama mara ya kwanza. Gari inasimama, Grant, yule mtaalamu wa dinosaria, anaona kitu, anasimama kwenye gari anavua kofia, anavua miwani, mwenzake Ellie bado yuko bize na jani mkononi, Grant anamshika kichwa anamgeuza kwa mkono. Sisi bado hatujaona kitu! Tumeona sura zao tu. Mpaka mnyama anapokuja kwenye skrini wewe umeshashangaa tayari. Halafu ile glasi ya maji ndani ya gari usiku, maji yanacheza duara, dum, kimya, dum. Walifunga uzi wa gitaa chini ya deshibodi wakawa wanaupiga kuyatikisa maji. Muvi ina saa mbili na dakika saba na dinosaria kwa jumla wanaonekana kama robo saa tu, lakini mtu anatoka anaapa kawaona muvi nzima.

Hii mpya ina sehemu moja nzuri kweli, ile familia kwenye boti ya kujaza upepo mtoni na T. rex kalala pembeni, pale wametulia, wameacha tusikilize maji, mimi mwenyewe niliacha kutafuna ming'oko nikajikuta nimebana pumzi. Na wale wa kwenye majani wamepigiwa muziki uleule wa ile ya kwanza, wa John Williams, inasisimua. Ila lile dubwana la mwishoni lenye kichwa kikubwa sijalipenda, moshi mwingi, taa nyekundu, kelele, hujui hata uogope nini.

Na kwa watu wa Liwale mnaosoma hapa, nyie mliozoea tembo, ule mlio wa T. rex wa 1993 wamechanganya sauti ya mtoto wa tembo, ya chui milia na ya mamba wa Marekani. Sikilizeni vizuri mtamtambua tembo.

Hujambo mwanangu. Vijana wangu wanaangalia muvi za kutafsiriwa tu, dijei anaongea mwanzo mwisho, anaweka na utani wa Kariakoo kwenye muvi ya Wachina. Mimi naona wanaharibiwa. Au nimepitwa na wakati? – Mama, Kilwa Masoko

Sijambo mama, shikamoo. Hujapitwa, ila usiwakataze.

Hao madijei wana ukoo wao kwenye sanaa yetu. Marehemu Kapteni Derek Gaspar Mukandala, wengi tunamjua kwa jina la Lufufu, alikuwa anafanya kazi hiyo kwenye mabanda ya video Dar, muvi inaenda yeye anasimulia kwa Kiswahili, baadaye akaanza kurekodi kwenye kanda zikasambaa nchi nzima. Watu ambao hawajui Kiingereza, hawajui Kichina, wala Kihindi, wameingia kwenye muvi kupitia sauti ile. Bibi yangu mimi hakujua kusoma maandishi ya chini, lakini alimjua staringi, alimjua adui, alijua nani kamsaliti nani, na alikuwa na maoni makali kuhusu kila mmoja. Ukiondoa msimuliaji unamuondoa na bibi kibandani.

Lakini mama malalamiko yako nayo yana ukweli mzito. Dijei mzuri anajua kunyamaza. Dijei mbovu anaogopa kimya, anakijaza. Chukua hiyo glasi ya maji niliyowaambia Wabishi wa Lindi, mtu akipiga soga pale juu, "eeh bwana we, mnyama huyoo anakuja", umeshamaliza, hakuna tena dum, hakuna tena kungoja, umeletewa jibu kabla ya swali. Lile bembea la Sholay ndo usiseme.

Nakushauri hivi: wakishamaliza ya kutafsiriwa waambie waiangalie ileile bila tafsiri, hadithi si wanaijua tayari, kwa hiyo lugha haitawasumbua. Halafu waulize wamesikia nini ambacho mara ya kwanza hawakukisikia. Wataanza kukuhadithia wenyewe, na utashangaa vijana wanavyojua kuangalia wakipewa nafasi.

Habari. Tuliisoma Vuta N'kuvute kidato cha tano, nikaipenda sana. Juzi nimeiona filamu yake nimekasirika, wameacha vitu vingi mno. Kwanini wanaharibu vitabu? – Mwalimu, Newala

Salama mwalimu. Hasira yako naielewa ila siungi mkono, naomba tubishane kidogo.

Kitabu cha Adam Shafi cha 1999 kinatembea sana, Yasmin anaozwa kwa Raza mume mzee, anatoroka, anapokelewa na Mwajuma, anakutana na Denge mpigania uhuru, halafu kuna Mombasa, kuna Tanga, kuna Inspekta Wright na Koplo Matata wake, watu kibao. Amil Shivji akitaka kuvipiga vyote angetuletea sizoni sita. Yeye alichofanya kwenye filamu ya 2021 ni kumng'ang'ania Yasmin na Denge, Unguja ya miaka ya hamsini chini ya Mwingereza, akaacha kamera ikae. Watu wanasema inaenda taratibu. Ndiyo, na mimi ndo nilichokipenda! Kitabu kinakwambia Yasmin anawaza nini, filamu haiwezi kuingia kichwani mwa mtu, inabidi imuache binti akae kwenye mwanga wa dirisha, tuone uso, tusikie mtaa nje na taarabu, tujue wenyewe. Ikhlas Gafur Vora kwenye nafasi ya Yasmin anafanya kazi kubwa bila kuongea.

Unapokuwa sahihi ni kwenye siasa. Kwenye kitabu ule ukaidi wa roho ya Denge, zile mbio zake na askari, unazibeba mpaka mwisho, kwenye filamu nilitaka uzito zaidi hapo, mapenzi yamemeza kidogo mapambano. Na Mwajuma ningemuongezea muda, yule mwanamke ndo nguzo ya kitabu, kampokea mtu asiye ndugu yake kwenye chumba kimoja bila kuuliza utaondoka lini.

Ila mwalimu, hii ndo filamu ya kwanza ya Tanzania kuchaguliwa tamasha la Toronto, na nchi ikaipeleka pia kugombea Oscar. Iko kwa Kiswahili, cha Unguja, sio Kiswahili cha kutafsiriwa kutoka Kiingereza. Waonyeshe wanafunzi wako wakishamaliza kitabu, halafu uwape insha: kitu gani kiliachwa ambacho wewe ungekirudisha, na ungetoa nini kukipa nafasi. Hilo la pili ndo gumu.

Mambo dada. Bongo muvi za enzi za Kanumba na za sasa, zipi kali? – Dogo wa Chikongola, Mtwara

Poa dogo. Za sasa picha ni safi zaidi na sauti imeboreka sana, zile za zamani mtu yuko sebuleni unasikia feni kuliko maneno, na kile kitendo cha kukata hadithi pati wani na pati tuu ili uuziwe diski mbili kilinikera na bado kinanikera. Lakini Kanumba alipofariki Aprili 2012 alikuwa na miaka 28 tu, na ukimuangalia akiigiza na watoto kama kwenye Uncle JJ unaona mtu anayemsikiliza mwenzake, hangoji zamu yake ya kuongea. Waigizaji wengi wa sasa wanangoja zamu. Kwenye uigizaji kura yangu anapata yeye.

Dada shikamoo. Mwanangu ana miaka saba, amesikia habari za mjusi wa Tendaguru shuleni sasa anataka hiyo Jurassic ya kwanza. Ataota usiku? – Baba, Mikindani

Marahaba. Yote hapana, nusu inawezekana, ukikaa naye na rimoti mkononi. Anza naye mwanzo lakini ruka ile ya kwanza kabisa ya mfanyakazi kwenye kizimba usiku. Muonyeshe mnyama wa shingo ndefu, muonyeshe yai linapopasuka, hapo msimamishe umueleze habari za Lindi maana atakuwa na maswali. Mvua ikianza kunyesha na magari yakizimika njiani, ruka mpaka asubuhi, Grant na wale watoto wawili wako juu ya mti na yule mrefu anakuja kula majani karibu yao, anampigia msichana chafya ya mafua usoni. Watoto wote wanaicheka hiyo. Baada ya hapo zima, kwa sababu mbele kuna wale wadogo wakali wanaoingia jikoni na hao ndo wanaokuja ndotoni. Akikuuliza wale watoto ilikuwaje, mwambie walitoka kisiwani salama wote wawili, na akifika miaka kumi na kitu mtaimalizia pamoja.